Mwezeshaji katuambia "usipokee hata korosho ya mteja". Wa Mtwara na Lindi, hii inawezekana kweli?

#1 Mwanakata
Wakuu kwema? Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri moja ya huku Mtwara, mwaka wa nne sasa kazini. Wiki iliyopita tuliitwa mjini siku 3 kwenye mafunzo, mada ni maadili ya kazi, mipaka na mteja, na huu uchovu wa kazi wanaouita banauti. Mwezeshaji katoka Dar, anajua kuongea kwa kweli simkatai. Siku ya pili akaandika kwenye bango kitita kwa marka nyekundu: USITOE NAMBA YAKO BINAFSI. USILE KWA MTEJA. USIPOKEE ZAWADI. KAZI IBAKI OFISINI. Tukanakili wote, tukanywa chai, tukapiga picha ya pamoja.

Nimerudi kituoni, Jumamosi asubuhi nafua, namwona mama mmoja mteja wangu anaingia uani kabeba bakuli la maua kalifunika na kawa. Korosho. Kabangua mwenyewe kwa mkono, bado za moto, zina masizi masizi. Kesi ya binti yake tumehangaika nayo tangu Machi na mahakamani bado. Hakugusia kesi hata kidogo, kasema tu "mwanangu, za kutafunia chai", akageuka akaenda zake. Mimi nimesimama povu mpaka kwenye viwiko.

Sasa niulize. Namba yangu binafsi ndo namba ya ofisi, nyingine haipo. Nyumba niliyopanga ni ya shemeji wa mtu ambaye nimeandika taarifa yake ikaenda mahakamani. Mteja ndo jirani, ndo ananiuzia dagaa, ndo anakaa safu ya nyuma yangu msikitini. Hiyo mipaka naichora wapi? Au mafunzo haya yametungwa kwa watu wa maghorofani? Bakuli lenyewe mpaka leo liko jikoni kwangu.

Natanguliza shukrani.

(Nimehariri, soma #14 utajua kwanini)

#2 NjombaWaNewala
Korosho zimeliwa hazijaliwa? Tuanzie hapo.

#3 Mwanakata
Zimeliwa njomba. Nilijikaza mpaka saa kumi jioni.

#4 Afisa_Nachi
Dada pole, karibu kwenye chama. Mimi wa Nachingwea, mwaka wa 9 huu. Ngoja niseme kitu ambacho hao wawezeshaji hawakisemi, banauti haitokani na bakuli la korosho. Inatokana na benchi. Njoo ofisini kwangu Jumatatu saa mbili kasoro uone lile benchi, kinamama wa matunzo wamejaa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi na watoto mgongoni, na kila mmoja anataka baba aitwe leo hii. Msimu wa korosho ndo usiseme, hela zikiingia tu kwenye akaunti baada ya mnada mzee kapotea siku nne anarudi na mke mdogo au harudi kabisa, basi Novemba na Desemba mimi nakuwa kama karani wa ndoa za watu. Hapo kuna mtoto kaokotwa, kuna taarifa ya uchunguzi wa kijamii hakimu anaitaka Alhamisi, kuna mzee katelekezwa hospitali hana ndugu, pikipiki ipo lakini mafuta hakuna, na mimi ni mmoja. Unanifundisha kupumua kwa kuhesabu mpaka kumi? Niongezeeni mtu wa pili nitapumua mwenyewe.

Kuhusu zawadi mimi napokea. Kuku nakataa, korosho napokea.

#5 Tabibu_Mtaani
Banauti ni UGONJWA na WHO walishatangaza 2019. Dada usihangaike na mijadala nenda hospitali ukaandikiwe mapumziko.

#6 Mstaafu_Mikindani
#5 umechanganya kidogo kijana. Ni kweli mwaka 2019 WHO waliiingiza kwenye orodha yao ya magonjwa toleo la 11, ambalo limeanza kutumika Januari 2022, lakini waliiweka kama hali inayotokana na kazi na wakasema wazi kwamba HAWAIITI ugonjwa. Wakaenda mbali zaidi, wakasema neno hili litumike kwa mambo ya kazini tu, ugomvi wako na mkeo usiuite hivyo. Ukienda kwa daktari ukamwambia nina banauti atakutafutia malaria kwanza.

Wala halikuanza 2019. Aliyeliandika kitaalamu ni Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, 1974, na hakuliandika kuhusu mabosi wa benki, aliliandika kuhusu watu waliokuwa wanajitolea kwenye kliniki ya bure ya watu wa dawa za kulevya. Watu kama nyie. Baadaye Christina Maslach akatengeneza dodoso lake, 1981, yeye anaangalia vitu vitatu: kuchoka mpaka roho, kuwa baridi kwa unaowahudumia, na kujiona kazi yako haina maana. Watu wengi wanaijua ile ya kwanza peke yake. Hatari iko kwenye ya pili.

Mimi nilipita Kijitonyama pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii zamani, enzi hizo neno mipaka tulilisikia kwenye somo la jiografia.

#7 KijanaChuo
Shikamoo mzee #6. Mimi nipo hapo Kijitonyama sa hivi mwaka wa pili na mipaka inafundishwa sana tu, tuna kipindi kizima. Halafu Mwanakata kwa heshima zote, hilo la kusema "haiwezekani kwetu" mwalimu wetu analiita kisingizio. Tamko la maadili la wana ustawi wa dunia, lile lililopitishwa Dublin 2018, linasema kujitunza ni WAJIBU wako kazini na nyumbani, sio hiari. Usipoweka mipaka unamuumiza mteja pia.

#8 NjombaWaNewala
Kijana ukimaliza chuo omba upangiwe Nanyumbu. Tutakutunzia huu uzi.

#9 Mwanakata
Mzee Mstaafu shikamoo, na ahsante, hicho cha pili kimenichoma. Nisimulie.

Mwezi wa saba kuna mama alikaa mbele yangu saa nzima akieleza mambo ya mwanae. Nikajaza fomu. Fomu nzuri kabisa, tarehe ipo, umri upo, mwandiko safi, nikampa barua ya kwenda dawati la polisi na nikamweleza habari ya PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Wiki mbili baadaye niko gulioni natafuta kanga, mtu ananishika mkono "mama ustawi!" huku anacheka, nami namtazama namwambia samahani dada tunafahamiana? Alikuwa yeye. Saa nzima nimekaa naye, sikuuona uso wake. Nilivyofika nyumbani nikajaribu kukumbuka siku ile alivaa nini, nikakumbuka kitu kimoja tu, waya wa chaja ya simu yangu ulivyojikunja kwenye kona ya meza, kwa sababu ndo nilikuwa nautazama muda wote.

Silii siku hizi. Mwanzo nilikuwa nalia nikifika nyumbani, sasa silii na hicho ndo kinanitisha.

#10 Nesi_wa_Zamu
Pole sana mdogo wangu. Mimi ni nesi, hospitali moja ya huku Lindi, sitaitaja. Hapo mnachanganya vitu viwili. Anachosema Afisa_Nachi, benchi na mafuta, hiyo ndo banauti, inaweza kumpata hata karani wa ghala. Unachosema wewe ni uchovu wa huruma, yani unabeba maumivu ya watu mpaka mwili unafunga mlango wenyewe. Na wa kwanza kuandikwa na jina hilo tulikuwa sisi manesi, Marekani huko 1992, wataalamu wengine wakalichukua baadaye akina Figley. Tofauti yake banauti inakuja polepole kama kutu, hii nyingine inaweza kukupiga baada ya kesi moja tu.

Mimi ilinipiga kwa mtoto mmoja wodini, sisimulii. Miezi miwili nikawa siwezi kusikia harufu ya sabuni fulani. Sabuni! Nilibadilisha duka.

#11 Mstaafu_Mikindani
Nesi uko sawa kwa kiasi kikubwa, ila kwenye maisha ya mtu havikai vimetengana hivyo. Aliyechoka na benchi ndo maumivu yanampenya haraka.

#12 DawatiZamani
Naona mnamwonea huruma dada na mimi namwonea huruma ila ngoja niwe mkali kidogo. Nilikuwa dawati la jinsia na watoto la polisi miaka mingi, sasa nimepumzika nalima.

Umeandika kesi bado iko mahakamani. Huyo mama ni mama wa shahidi, kama sio shahidi mwenyewe. Taarifa umeandika wewe. Sasa jifanye mimi ni wakili wa utetezi nimesimama na miwani yangu: "Shahidi, ni kweli kwamba tarehe fulani ulipokea chakula nyumbani kwako kutoka kwa mama wa mlalamikaji?" Utajibu nini? Ni korosho tu mheshimiwa? Nimeona kesi nzuri zimetetereka kwa vitu vidogo kuliko bakuli. Hiyo mipaka haikuwekwa kwa ajili ya kukunyima utamu, imewekwa kwa ajili ya siku hiyo.

La pili. Kuna mwenzetu, sio wa ofisi yangu, usiku wa saa nne kaletewa mtoto hana pa kulala, kamchukua kwake kwa huruma siku tatu. Siku ya nne baba wa mtoto kaenda kusema mtoto kafichwa, na maneno mengine machafu juu yake. Ilichukua muda mrefu kusafishika, na hata alipothibitika hana kosa mtaani hawakusahau. Ndo maana ziko familia za kuaminika, zimeandaliwa, zinajulikana, zimeandikishwa. Mtoto apelekwe huko sio kwako.

#13 Afisa_Nachi
Mkuu #12 nakuheshimu lakini hizo familia za kuaminika kwangu ziko mbili kwa eneo ambalo pikipiki yenye mafuta inalizunguka siku nzima, na moja hapo mama mwenyewe anaumwa. Saa nne usiku mtoto yuko mlangoni analia unampeleka wapi, kwenye kanuni? Yule mwenzetu simlaumu.

#14 JiraniYako
Mwanakata salaam. Umetaja kata, umetaja bakuli, umetaja shemeji mwenye nyumba, umetaja kesi imeanza Machi. Mimi ni wa halmashauri hiyo hiyo na nimeshamjua mama, nimemjua binti, na mwenye nyumba wako nimesoma naye. Uzi wa maadili na usiri umevunja usiri kwenye aya ya pili 😂

Sisemi kwa ubaya. Futa haraka kabla wengine hawajaunganisha.

#15 Mwanakata
Ya Rabi. Nimefuta jina la kata na vitu vingine vitatu, na mengine nimeyageuza kidogo. Ahsante jirani. Mikono inatetemeka hapa.

#16 KijanaChuo
Na sio maadili tu ni sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi Mei 2023, na taarifa za mtoto ndo zinalindwa zaidi. Kuna maafisa wanapiga picha watoto wanaweka stetasi WhatsApp "leo tumemwokoa fulani", uso wote nje na sare ya shule inaonekana.

#17 NjombaWaNewala
Kijana hapo nakupa tano. Na mkubwa akija ziara ndo picha zinaongezeka.

#18 BiShangani
Wanangu nimesoma yote. Mimi si mtaalamu, mimi ni mama tu wa Shangani mjukuu wangu ndo ananichapia. Mnaongelea bakuli kama bomu. Huku kwetu mtu akikuletea chakula ukamrudishia maana yake umemwambia wewe mchawi. Hakuna tafsiri nyingine. Huyo mama angebeba bakuli lake limejaa akapita nalo barabarani watu wanaona, basi kesi ya binti yake ingeisha siku hiyo hiyo kwa aibu, asingekanyaga ofisini tena. Mwalimu wa Dar hajui.

Na jambo jingine, chombo hakirudi kitupu. Mwanangu hilo bakuli unalirudisha lini, na unalirudisha na nini?

#19 Mwanakata
Mama shikamoo. Hapo ndo nimekwama. Nikirudisha tupu nimemtukana. Nikiweka kitu tumeshaanza kupeana. Nikikaa nalo nimekuwa mwizi wa bakuli.

#20 NjombaWaNewala
Weka samaki nchanga watatu waliokaushwa vizuri. Hapo ataelewa kwamba mpaka umechorwa.

#21 Afisa_Nachi
😂😂 Njomba kwa wasiojua: samaki nchanga ni panya wa shamba, msije mkaagiza mkidhani changu. Na #20 ni Mmakonde mwenyewe, asijifanye anawatania wenzake.

#22 NjombaWaNewala
Mnatusema halafu mkija Newala mnauliza wanauzwa wapi.

#23 Mwera_wa_Ruangwa
Turudi kwenye mada. Mimi tatizo langu na hii mipaka sio zawadi ni MJOMBA. Wa Dar hawalielewi hili. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama, mwenye sauti ni mjomba, iwe Mwera iwe Mmakonde iwe Myao. Mwezeshaji anasema taarifa za mteja usimwambie mtu ambaye hahusiki. Sawa. Mjomba anakuja ofisini na wazee wawili na kofia zao wamekaa, wanasema tumesikia mtoto wetu ana shauri hapa, tueleze. Kwenye fomu mzazi ni mama. Kwenye ukoo yeye ndo baba kuliko baba. Nikimfungia mdomo, mama atapata tabu nyumbani. Nikifungua mdomo, kesho watarudi kusema wameshayamaliza, mtuhumiwa katoa mbuzi na laki mbili.

#24 DawatiZamani
Kuyamaliza ndo kansa yetu. Kesi ya ukatili wa kingono kwa mtoto haimalizwi nyumbani, ni jinai, ukoo hauna mamlaka ya kuifuta. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aripoti, mjomba naye ni mwanajamii. Mimi nilikuwa nawaambia hivyo hivyo: mzee ukoo wako naheshimu, lakini ukinisaidia kuficha tutapanda wote kizimbani.

#25 Mwera_wa_Ruangwa
Mkuu wewe ulikuwa na sare na pingu mezani. Mimi nina kalenda na dawati lisilofunga droo.

#26 Mstaafu_Mikindani
Mwera nilichokuwa nafanya mimi: namuuliza mama kwanza, kabla mjomba hajafika. "Akija mjomba nimwambie nini na nisimwambie nini?" Mama mwenyewe anakuchorea mpaka. Wengi wao wanajua vizuri sana kipi kisemwe. Kuna mmoja aliniambia mwambie kila kitu isipokuwa nani kaniambia. Nikafanya hivyo.

Halafu kijana #7, hata Wamarekani ambao wameandika kitabu kirefu cha maadili hawajasema uhusiano wa pande mbili, yani mteja kuwa pia jirani au rafiki yako, ni haramu moja kwa moja. Wanasema uuepuke pale penye hatari ya kumnyonya au kumdhuru mteja, na pale usipoepukika afisa ana wajibu wa kuweka mipaka inayoeleweka na inayozingatia utamaduni wa watu. Kwa hiyo aliyeandika "USI USI USI" kwenye bango kitita ameacha nusu ya sentensi.

#27 KijanaChuo
Sawa mzee, hilo nilikuwa sijalisoma. Ila mtumishi wa umma bado haruhusiwi kupokea kitu kinachoweza kugeuza maamuzi yake.

#28 Afisa_Nachi
Korosho za bakuli moja zigeuze maamuzi yangu? Labda gunia.

#29 PoshoKwanza
Nyie mnajadili kama mafunzo yalikuwa mafunzo. Mradi una bajeti, bajeti inaisha mwisho wa mwezi, watu waitwe, wasaini, wapige picha, ripoti iende. Mada yoyote ingefaa.

#30 Mwanakata
#29 nitakubaliana na wewe kwa kitu kimoja tu. Mada ya kujitunza ilipangwa siku ya tatu mchana, masaa matatu. Ikakatwa ikawa dakika arobaini kwa sababu wa mbali walitaka kuwahi gari na wengine walikuwa wameshajipanga mstari wa kusaini. Yani somo la uchovu lilifutwa kwa sababu tumechoka. Mwezeshaji mwenyewe alikuwa anapiga miayo, maskini, karatasi ya mwisho kaikunja bila kuisoma.

Lakini mada ya maadili siku ya kwanza ilikuwa nzuri jamani nisiwe mwongo. Tuliigiza mazungumzo na mtoto, mmoja wetu akawa mtoto, na nikagundua nauliza maswali yenye majibu ndani. "Alikushika hapa, sio?" Miaka minne nauliza hivyo. Hiyo peke yake ilistahili safari.

#31 Msaidizi_Kilwa
Mimi ni msaidizi wa ustawi ngazi ya jamii, Kilwa, wa kujitolea, hata hayo mafunzo sijaitwa. Sisi ndo tunaanza kuamshwa usiku kabla yenu. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara huku upande wa Somanga, watu walikuja kwangu kwa sababu mimi ndo nilikuwepo, afisa yuko mbali na njia hakuna. Sina mpaka, sina mshahara, nina fulana tu. Naomba nami mnihesabu kwenye hiyo banauti.

#32 Nesi_wa_Zamu
Umehesabiwa kaka. Hawa ndo kabisa aliowaandika huyo Freudenberger wa mzee #6.

#33 Mratibu_Masasi
Habari. Nitoe ninachoona kinasaidia, sio dawa. Shirika letu ni dogo, watu watano. Tatizo sio benchi peke yake wala mipaka peke yake, ni kwamba afisa hana mtu wa kumpelekea kesi iliyomkaa rohoni. Msimamizi anakuuliza "umefikia wangapi mwezi huu", hakuulizi "ipi imekunyima usingizi". Sisi kila Ijumaa jioni tunakaa watatu chini ya mwembe nyuma ya ofisi, simu zinabaki ndani. Mmoja anaongea kesi moja, bila jina, bila kijiji. Wengine hawaruhusiwi kushauri mpaka amalize, wanauliza tu. Nusu saa. Mwanzoni tulikuwa tunacheka cheka kwa aibu. Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja mwanaume mkubwa tu akalia, na hakuna aliyeliongelea kesho yake.

#34 JiraniYako
Mratibu hiyo ni nzuri kwenu mko watano na mnaaminiana. Kwetu hiyo mwembe ingekuwa kijiwe, Jumatatu kesi iko sokoni. Uliona mwenyewe hapa #1 kwa nia njema kabisa.

#35 Mratibu_Masasi
Ni kweli, tulimtoa mmoja kwa sababu hiyo.

#36 Tabibu_Mtaani
Na mazoezi je? Hamjataja mazoezi. Kukimbia asubuhi beach.

#37 Afisa_Nachi
Nachingwea beach ipi mkuu?

#38 NjombaWaNewala
Akimbie kuteremka bonde la Ruvuma arudi, banauti itaomba radhi yenyewe.

Halafu kuna mtu anajua mnada wa wiki hii umefungaje? Shemeji yangu ananisumbua.

#39 DawatiZamani
Njomba fungua uzi wako wa korosho. Mwanakata, umefikia wapi? Ushauri wangu ni mmoja: andika. Nenda kwa mkuu wako umwambie, na uandike kwenye faili tarehe, kitu gani, kiasi gani, nani kaleta, ulisema nini. Kilichoandikwa hakikuvizii kizimbani.

#40 BiShangani
Korosho ziandikwe kwenye faili la serikali. Dunia hii.

#41 Mwanakata
Wakuu nimerudi, siku tano nilikuwa vijijini huko mtandao wa shida.

Nilimwambia mkuu wangu. Akacheka sana halafu akaniuliza "na za kwangu ziko wapi?" Lakini nikaandika kwenye faili, kweli nimeandika, "bakuli moja la korosho zilizobanguliwa, takriban nusu kilo", nikasaini. Nilijihisi mjinga na pia nikahisi mwepesi, vyote pamoja.

Na nimepata laini ya pili, nimenunua kisimu cha tochi kwa hela yangu, saa mbili usiku ile ya kwanza naizima. Usiku wa kwanza nilikaa naitazama ile iliyozimwa mpaka saa sita. Sikulala kabisa. Usiku wa tatu nimelala. Nimewapa kinamama wote namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto kwa mambo ya usiku, mmoja kaniuliza huyo 116 ni ndugu yako?

Bakuli nimerudisha juzi. Niliosha, nikaweka ndimu sita za mti wa uani, sio za kununua. Nikampa nikiwa nimesimama, sikuingia ndani, nikamwambia mama kesi ikiisha utanipikia hata wali, lakini kabla haijaisha usiniletee kitu, wataitumia dhidi ya mtoto. Akanitazama muda mrefu. Akasema "nimekuelewa mwanangu".

Leo alfajiri nafungua mlango, bakuli lipo kizingitini. Mihogo.

#42 DawatiZamani
Faili.

#43 KijanaChuo
Sasa hapo mpaka si aliambiwa?

#44 BiShangani
Kaambiwa asimletee. Hakumletea, kaiweka mlangoni.

#45 NjombaWaNewala
Mibichi au ya kuchemsha?

#46 Mwanakata
Ya kuchemsha njomba. Na nazi.